Asali Ichache Kwanza, Beri Zifuate

Mapishi mengi ya mvinyo wa asali wenye matunda humwambia mtu atie kila kitu ndooni siku ya kwanza: asali, maji, beri na hamira, kisha afunike na kusubiri. Ni njia rahisi, na kwa maoni yangu ndiyo inayoharibu beri nzuri za msimu kuliko kosa lingine lolote. Wiki ya kwanza hamira hufanya kazi kwa fujo na gesi ya kaboni hutoka bila kukoma. Gesi hiyo hubeba harufu ya matunda na kuipeleka nje. Chumba kinanukia rasiberi wiki nzima, chupa hainukii kitu. Beri ziingie pale fujo linapotulia.

Kwa dumu la kioo la lita 5, chukua asali kilo 1.2 na maji lita 3.2 hivi, upate mchanganyiko wa lita 4. Haidromita, kifaa kinachoelea na kuonyesha wingi wa sukari, itasoma karibu 1.090, na namba hiyo hushuka kadiri hamira inavyokula sukari. Anayezoea mapishi yenye asali kilo moja na nusu au zaidi ataona hii ni kidogo. Sivyo. Asali nyingi huilemea hamira tangu mwanzo, na kileo kikizidi asilimia 14 huunguza koo na kufunika tunda, kisha kinadai mwaka au miwili kulainika. Beri zenyewe ni maji kwa zaidi ya asilimia 80, kwa hiyo zikishaingia zitashusha kileo hadi asilimia 11 au 12. Hapo ndipo tunda husikika vizuri.

Usichemshe asali. Kuichemsha hufukuza manukato yake bila faida yoyote. Maji ya uvuguvugu yanatosha kuiyeyusha. Kinachohitaji usafi ni vyombo: ndoo, mwiko, mrija, haidromita, chochote kitakachogusa mchanganyiko kioshwe kisha kitakaswe kwa dawa isiyohitaji kusuuzwa.

Hamira iwe ya mvinyo, si ya mkate. Kwa beri napendekeza aina iitwayo 71B, kwa sababu hula sehemu ya asidi ya maliki, ile inayoleta ukali wa tunda, na kuacha kinywaji laini. Aina nyingine, EC-1118, haishindwi kirahisi, lakini ni kali na huacha kinywaji kikavu kisicho na haiba. Loweka gramu 5 katika mililita 50 za maji ya nyuzi 35 hadi 40 kwa dakika 15, kisha ongeza mchanganyiko wa asali kidogo kidogo hadi joto likaribiane, ndipo umimine vyote. Joto la chumba likae kati ya nyuzi 18 na 20. Likipita 25, utapata ladha kali inayofanana na rangi ya kucha.

Asali ina sukari tele lakini naitrojeni karibu hakuna, na hapa ndipo wengi hukwama. Hamira yenye njaa hutoa harufu ya mayai viza, au husimama njiani sukari ikiwa bado nyingi. Wapo wanaotia zabibu kavu ishirini wakidhani wameilisha. Hiyo ni imani tu, naitrojeni iliyomo haitoshi hata kwa siku moja. Tumia chakula cha hamira cha asili ya hamira iliyokufa, gramu 4 kwa jumla, ukikigawa mara nne: gramu 1 baada ya saa 24, ya pili baada ya 48, ya tatu baada ya 72, na ya mwisho kipimo kikifika 1.060. Katika siku hizo tatu za mwanzo koroga mara mbili kwa siku ili gesi itoke na hewa iingie. Koroga taratibu kwanza, ndipo utie unga wa chakula hicho. Unga ukidondokea kinywaji kilichojaa gesi, povu hupanda na kumwagika sakafuni. Ndiyo maana tunaanzia kwenye ndoo ya lita 10, si kwenye dumu.

Wakati huo beri ziko kwenye friza. Ndiyo, hata zile zilizochumwa leo. Barafu hupasua kuta za chembe za tunda, na likiyeyuka hutoa maji na rangi ambayo kuponda kwa mkono hakuwezi kuitoa. Zichambue kwanza: toa vikonyo, tupa yoyote yenye ukungu. Usizipike, kwa kuwa joto huitoa pektini, kitu kinachogandisha jemu, na kinywaji hubaki na ukungu usiotulia. Siku ya kuzitumia, ziache ziyeyuke ndani ya mfuko safi wa wavu, nyunyiza kimeng'enya cha pektini, yaani kinachoivunja pektini, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, funika, subiri saa nne hivi. Kimeng'enya hiki huzubaa kwenye kileo, kwa hiyo ni afadhali kianze kazi kabla beri hazijazama.

Ziingize kipimo kikiwa 1.020 au chini kidogo, mara nyingi kati ya siku ya saba na ya kumi. Kileo sasa kimefika asilimia 9, kinawanyima nafasi vijidudu wengi waliokuja na matunda na pia kinavuta rangi na harufu kutoka kwenye maganda. Rasiberi kilo 1 inatosha, ina asidi na harufu ya nguvu. Blakiberi na bluberi kilo 1.3. Stroberi isipungue kilo 1.5, na hata hivyo rangi yake itafifia kuelekea majani makavu. Ni tunda linaloahidi zaidi ya linavyotoa. Kranberi ina asidi ya benzoiki, ambayo huizuia hamira, na hiyo ni sababu nyingine ya kuchelewesha tunda.

Zamisha mfuko mara mbili kwa siku. Beri zinazoelea juu hukauka, kisha huota ukungu au kukaribisha bakteria wa siki. Baada ya siku 10, au 14 zisizozidi, toa mfuko uning'inie uchuruzike wenyewe. Usiukamue kwa nguvu, kwani mbegu za rasiberi na blakiberi zina tanini chungu.

Hoja ya upande wa pili ina uzito wake: tunda likianza siku ya kwanza hutoa kinywaji kinachokaribiana zaidi na divai nyekundu, na karanti nyeusi ina nguvu ya kuhimili fujo lile. Kwa hiyo nakubali njia hiyo, ila kwa karanti pekee.

Hamisha kwa mrija hadi kwenye dumu, ukiacha mashapo nyuma, na ujaze hadi shingoni. Nafasi ya hewa hugeuza rangi kuwa kahawia. Mapovu kwenye kizibo cha hewa, kile kinachotoa gesi bila kuingiza hewa, si ushahidi wa kitu, yanaweza kutokea kwa sababu ya joto la chumba tu. Amini haidromita: hamira imemaliza ukipata kipimo kile kile mara mbili, wiki mbili zikipita kati yake, kwa kawaida karibu 0.998.

Ukitaka utamu, usiongeze asali hivi hivi. Hamira iliyolala huamka, na chupa hupasuka. Subiri kinywaji kitakate, tia gramu 1 ya potasiamu sobati, inayoizuia hamira kuongezeka, na kidonge kimoja cha metabisalfaiti, aina ya salfaiti inayozuia vijidudu, viwili hivyo pamoja. Sobati peke yake ikikutana na bakteria wa asidi laktiki huzaa harufu ya majani ya jeraniamu isiyotoka tena. Mwenye pumu ajulishwe kuhusu salfaiti kabla ya kunywa. Kesho yake ongeza asali gramu 50, koroga, onja, rudia. Gramu 150 kwa dumu zima mara nyingi zinatosha. Acha wiki mbili zaidi itulie kabla ya kutia kwenye chupa.

Rasiberi na blakiberi zipewe miezi sita gizani, na mwaka ni bora. Stroberi inywewe mapema, ndani ya miezi minne, harufu ikiwa bado ipo.