Kigoda, Dera na Samaki wa Mama Mkwe

Naona shoga yangu kawahi kuwasimulia yaliyotokea kwangu. Toka jana usiku watu wananiuliza kama ni kweli mama mkwe alipelekwa hospitali na kigoda chake nyuma, madaktari wambandue. Si kweli. Hospitali hakwenda mtu. Kigoda kilidondoka chenyewe. Kilichobaki kwenye dera ni vigae sita tu, na idadi ninayo mimi, maana ndiye niliyevibandua kimoja kimoja nimepiga magoti.

Sasa msikilizeni mwenye kigoda.

Mnaonifuata mnajua nilivyoshikwa na wazimu wa vigae. Udongo, kibao cha kusukumia chapati, kisu cha jikoni. Nasukuma, nakata, nachora. Jogoo, kombe, samaki mwenye midomo kama ya shangazi fulani (simtaji, yumo humu). Nikampelekea mama mmoja mfinyanzi anichomee. Vile vinene vilikuwa bado vibichi ndani, maji yakageuka mvuke, vikapasuka motoni kama bisi. Nilipeleka 40, vikarudi 17. Nikajazia vipande vya sahani za harusi yangu. Ndiyo, zilezile mlizonichangia. Endeleeni kusoma.

Kosa langu ni gundi. Fundi wa mtaani kwetu aliniambia kabisa, "Dada, nunua simenti ya kubandikia vigae." Mimi nikaona nyumbani kuna chupa ya gundi nyeupe ya maseremala, hasara ya nini? Kumbe ile gundi haikauki mpaka maji yake yatoke, na kigoda nilishakipaka rangi ya mafuta, juu nimekifunika kwa vipande vya sahani. Yatokee wapi? Jumatano nikabandika. Alhamisi nikajaza simenti nyeupe kwenye mianya, nyepesi kama uji wa mgonjwa. Ijumaa asubuhi juu kukavu, kunang'aa. Nikapiga picha. Mkanimwagia mioyo humu, hakuna hata mmoja aliyeuliza chini kukoje.

Mchana wake mama mkwe akaingia kutoka Bagamoyo. Shikamoo, marahaba, huyo anaelekea kwenye kochi. Angekaa kwenye kochi saa hizi ningekuwa nimelala. Nikamshika mkono: "Mama, kaa hapa, nimekitengeneza mwenyewe."

Akakitazama weee. "Mwanangu, kwetu sisi sahani zilibandikwa makaburini."

Waliofika Kaole, kwenye magofu ya kale karibu na Bagamoyo, wanajua hakunionea, makaburi ya pale yalipambwa kwa mabakuli ya Kichina. Ila wale wazee walijenga kwa chokaa ya matumbawe, na baadhi ya makaburi yao yapo wima hadi leo. Changu hakikufika Alasiri.

Akakaa. Akala wali, akanywa chai, akatusimulia msiba wa jirani yake tangu homa ya kwanza mpaka arobaini. Mimi moyoni nasema, kigoda kimempendeza. Ikaadhiniwa.

"Bismillahi," akainuka. Kigoda nacho kikainuka.

Nilidhani macho yangu. Mama kainama kidogo, mkono gotini, na nyuma yake miguu mitatu ya kigoda inaelea. Akajinyoosha. Ikatoka sauti, si kubwa, ile ya ukoko ukibanduka sufuriani. Kwaaa. Simenti ikaanza kumwagika kwenye zulia, chenga chenga. Nilitaka kusema, "Mama, usisimame." Mdomo ukatoa, "Mama, karibu tena." Kigoda kikaning'inia. Kikafikiri. Ti!

Mama akageuka aone kilichoanguka, kwa hiyo akatupa mgongo.

Na pale katikati ya maua ya dera, mzima kabisa na midomo yake, samaki wangu anatutazama. Kulia kwake kichwa cha jogoo. Kushoto, sahani ya harusi, upande wenye dhahabu. Mume wangu akaanza kusoma kalenda ya ukutani. Mwanangu, ambaye leo hapati soda, akasema, "Bibi, samaki!"

"Samaki gani?" Akageuka huku, samaki akaenda naye. Akageuka kule, samaki yumo. Hapo ndipo shoga yangu alipotokea mlangoni, kaja kuazima kinu. Kinu hakuchukua.

Yaliyofuata ni maji ya uvuguvugu, sabuni, khanga yangu mpya, na mama kuswali peke yake chumbani mlango umefungwa. Dera halikupona, nimenunua mawili. Kigoda kipo uani, kuku wanakilalia. Hawajanasa bado.

Leo asubuhi simu kutoka Bagamoyo. Nikapokea nimesimama.

"Mwanangu, ulisema umevitoa sita?"

"Sita, mama."

"Haya. Cha saba ninacho hapa. Kimeshuka nami kwenye basi."