Siku Edward alipowekewa grili Ipagala

Mi kazi yangu ni kusahihisha maandishi ya watu. Ofisini ripoti zote zinapita kwangu kabla hazijaenda kwa bosi na kalamu yangu nyekundu inajulikana, kuna jamaa wa idara ya pili wananiita Kisu. Kwaiyo mpwa wangu wa kike wa kidato cha tatu alivyokuja kwangu Ipagala, hapa Dodoma, likizo ya mwezi wa sita akiwa amekumbatia litabu jeusi la kurasa karibu 500, jalada lina mikono mieupe imeshika tufaha jekundu, nkajua hapa kuna kazi.

Twilight. Nilikuwa nalisikia tu miaka yote. Nikamwambia mpwa wangu hizi ni takataka, mapenzi ya mnyonya damu na mtoto wa shule, uandishi wa hovyo. Akaniuliza umesoma? Nkamwambia sina haja ya kula gunia zima ndo nijue unga una mchanga. Akaniangalia kwa ile dharau ya watoto wa bweni akasema, "Basi anko sahihisha. Weka na maksi."

Nikachukua kalamu.

Sasa nimtendee haki mwandishi kwanza. Stephenie Meyer alikuwa mama wa nyumbani Arizona ana watoto watatu, hajawahi kuchapisha chochote, usiku wa kuamkia tarehe 2 Juni 2003 akaota binti na kijana mnyonya damu wanaongea porini, akaamka akaanza kuandika. 2005 kitabu kikatoka, kufika 2008 tayari viko vinne, na vimeuza nakala zaidi ya milioni 100. Mi ndoto zangu ni za kukimbizwa na mbwa halafu miguu haitoki. Lakini pia nilikuwa na silaha yangu, Stephen King mwenyewe, yule Mmarekani wa riwaya za kutisha, 2009 alisema wazi kwamba huyu mama hajui kuandika, nikamtupia mpwa wangu hiyo kama karata ya mwisho. Kumbe kesha isoma na anaijua yote, akanikumbusha King alikiri palepale kuwa watu wanavutwa na hadithi na mwendo wake. Nikanyamaza, nikafungua ukurasa wa kwanza.

Jamani kalamu ilitoa moshi. Humo ndani watu hawasemi kitu, kila mtu lazima anong'one, agune, acheke kwa chini, na kila akinong'ona unaambiwa amenong'ona vipi, kwa upole, kwa uchungu, kwa hasira. Na huyo Edward, yule kijana mnyonya damu, uzuri wake unatajwa mpaka unaona aibu kwa niaba yake, uso wake umekamilika, meno yamekamilika, sijui tabasamu limepinda lakini limepinda kwa ukamilifu. Mi nimewahi kusoma Dracula ya Bram Stoker ya 1897, mle mnyonya damu ni mzee ana nywele viganjani na pumzi inanuka, unamwona na unakimbia kwa sababu ya maana. Huyu wa huku ananukia na anapiga piano. Pembeni ya kurasa nikaandika "tumeshaambiwa", "tena?", "inatosha dada", mpaka nafasi ikaisha.

Sasa ndo inakuja kwa Mama.

Mama yangu alikuwa amekuja toka Kongwa kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Jicho moja limefungwa plasta, lingine linasubiri zamu yake, kwaiyo haoni zaidi ya mwanga. Anakaa kwenye kochi siku nzima na khanga zake mbili kwa baridi ya Juni, redio ikikata anakosa raha. Na mi nina imani moja kuhusu maandishi, kwamba sentensi nzuri ukimsomea mtu aliyeshiba anayesinzia, ataamka. Mama alikuwa ameshiba, amepiga ugali wa uwele na mlenda. Umeme ukawa umekatika. Nikawasha tochi ya simu, nikakaa mkekani, mpwa wangu pembeni yangu anajichekea, nikasema, na haya maneno nayakumbuka vizuri maana nimeyarudia mbele ya kikao:

"Mama, hebu sikiliza huyu binti alivyoandika."

Mi namaanisha Bella, yule msimulizi. Kitabu kizima ni mimi, mimi, nilienda, nikamwona. Mi natafsiri papo kwa papo Kiswahili, na Mama haoni kama nimeshika kitabu. Nasoma: nimehama kwa mama nimekuja kwa baba, shule mpya, simjui mtu. Na mpwa wangu mwenyewe Januari hii alihamishwa kutoka kwa mama yake Singida kuja kusoma huku Dodoma. Mi hilo halikunijia kabisa.

Nikaendelea. Kuna kijana tunakaa naye meza moja kipindi cha bayolojia, mweupe, mzuri, ananiangalia kama anataka kutapika. Nikaruka kurasa nikafika penye utamu, kwamba kumbe ni mnyonya damu.

Mama akageuza shingo. "Ana miaka mingapi?"

"Kumi na saba. Ila kazaliwa 1901."

Kimya. "Na bado yuko sekondari?"

"Ndio."

"Ada analipa nani?"

Nikafurahi mno. Nkamkonyeza mpwa wangu, unaona, Mama kaligusa tundu la hadithi dakika ya kwanza. Nikajibu kuwa ana mlezi, naye mnyonya damu, ni daktari hospitali ya pale.

"Mnyonya damu ni daktari."

"Ndio Mama."

"Hospitali."

"Ndio."

Akanyanyua mkono taratibu akaishika ile plasta ya jichoni.

"Gari wanalo?" Nkasema wanalo, Volvo, rangi ya fedha. Mama akatikisa kichwa kama mtu anayepokea taarifa za ndugu wa mbali. "Zamani lilikuwa jekundu."

Mpwa wangu hakuelewa, mi nilielewa nikacheka. Enzi za mkoloni uvumi wa mumiani ulikuwa unatembea na magari ya zimamoto, kwamba wale jamaa wa gari jekundu hawazimi moto wowote, wanakusanya damu za watu zikatengenezwe dawa. Mama amekua nao, ndo ilikuwa sababu ya watoto kuingia ndani mapema. Nikasema kimoyomoyo huyu mama ni mhakiki kamili, analinganisha mpaka na mapokeo ya kwetu.

"Ngozi yake ikoje?"

Hapa Kiswahili kikaniangusha. Meyer anamfananisha Edward na jiwe lile la sanamu za Wazungu, marumaru kwa Kiswahili, nikasema ngozi yake ni baridi na ngumu kama marumaru. Mama akauliza, "Marumaru hizi za chooni?" Mpwa wangu akaanguka chini. Lakini nambieni, nani ataisikia ngozi kama marumaru hapa Dodoma asione choo kipya? Sifa nzima ya mwanaume ikafia pale. Nikasema na juani anang'aa kama kapachikwa almasi, Mama akauliza kapaka nini. Nikasema ndo maana wanakaa Forks, mji wa Marekani unaopata mvua kama milimita 3,000 kwa mwaka, jua halionekani, wakati sisi hapa hata 600 tunazisotea, Edward angekuja Dodoma mwezi wa kumi angewaka kama bati jipya mpaka Kondoa wamwone. Mama hilo hakucheka.

"Wanakutana wapi?"

"Usiku anaingia kwa dirishani, anakaa anamwangalia binti akiwa amelala."

Mama akakaa wima. "Dirisha halina grili?"

"Halina."

"Na binti anasemaje?"

"Anasema anampenda."

Hakuuliza tena. Akaomba maji, akaomba apelekwe kulala. Nikamwambia mpwa wangu umeona, amesinzia, maksi 38 kwa 100. Akasema, "Hajasinzia anko, mbona mikono inatetemeka." Nikamjibu ni baridi.

Nilidhani nimepata mhakiki, kumbe mwenzangu alikuwa anakusanya ushahidi.

Usiku ule nikaendelea na kile kitabu, kikazi tu, huwezi kutoa maksi kabla hujamaliza kusahihisha. Saa nane simu ikabaki asilimia nne.

Asubuhi nimeenda kazini macho mekundu. Mama naye aliamka kabla ya jogoo na kitochi chake, namba ya baba mdogo wa Kibaigwa iko kwenye namba mbili, anabonyeza kwa kupapasa. Alichomwambia nimekuja kukijua baadaye: mjukuu wangu kaandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba anaingiliwa chumbani usiku na mumiani wa Kizungu, ana miaka zaidi ya mia, baridi kama maiti, baba yake ndo daktari hospitalini, na huyu mwanangu anasoma barua hiyo anacheka.

Baba mdogo alipanda Coaster ya kwanza.

Saa sita mpwa wangu ananipigia ananong'ona (kwa uchungu, kama kwenye kitabu). "Anko rudi. Babu yuko hapa na mjumbe. Nimenyang'anywa begi. Na kuna fundi anachomelea dirisha langu."

Nilipanda boda toka mjini sijui hata nimelipa shilingi ngapi. Na msione nacheka, njia nzima nilikuwa na hofu ya kweli. Mkoa huu neno mnyonya damu si la mchezo. Oktoba 2016 kule Chamwino watumishi watatu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Arusha, watu wamekuja kuchukua sampuli za udongo, waliuawa na wanakijiji kwa uvumi huohuo. Nawaza likitoka nje ya geti tu basi.

Nashukuru Mungu halikuwa limetoka. Nimekuta baba mdogo sebuleni na fimbo yake, Mama kwenye kochi, na mjumbe amefungua daftari kubwa mapajani. Nje fundi anapiga cheche, mashine ameichomeka kwangu, luku niliyonunua jana inalia.

Mjumbe akaanza yeye, kwa utaratibu kabisa. "Mwalimu," ananiita mwalimu sijui kwa nini, "huyu mgeni wenu Edwadi ameshalala hapa siku ngapi? Maana mgeni anatakiwa aripotiwe."

Nikasema hakuna mgeni, ni kitabu. Baba mdogo akasema, "Kitabu kipi? Begi la binti tumepekua lote, kuna madaftari na pedi. Kilete."

Sasa hapo ndo palikuwa pagumu kuliko pote. Kwa sababu kitabu hakikuwa kwa mpwa wangu. Kilikuwa kwenye begi langu la ofisini, mgongoni kwangu, kimefunikwa na ripoti ya robo mwaka, na nilikuwa nacho ofisini asubuhi nzima. Mpwa wangu akachungulia kutoka korido. Nikafungua zipu taratibu kama mtu anayetoa bangi mbele ya polisi.

Baba mdogo akakiangalia lile jalada, ile mikono. "Mikono ya maiti hii," akasema, na akampasia mjumbe kwa ncha za vidole. Mjumbe akafungua katikati, akasogeza mbali na macho, akasema ni Kiingereza, akaandika kitu kwenye daftari. Nikaanza kueleza. Nikaeleza Meyer ni nani, nikaeleza ndoto, nikaeleza kwamba mwandishi anaweza kusema "mimi" na isiwe yeye, ni mtindo tu wa kusimulia, hata riwaya zetu za Kiswahili zipo zinazosimuliwa hivyo. Nilieleza vizuri, nadhani ni somo zuri kuliko yote niliyowahi kutoa maishani.

Mama akasikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza, "Sasa kama ni hadithi, mbona hukusema paukwa?"

Baba mdogo akageuka kuniangalia. Mjumbe akaacha kuandika.

"Mtu akitaka kudanganya watu usiku anasema paukwa, wanajibu pakawa, kila mtu anajua sasa tunadanganywa," Mama akasema. "Wewe umeanza tu, mimi, mimi, nimehama kwa mama. Nani atajua?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Miaka yote nasahihisha vitenzi vya watu sijawahi kuulizwa swali kama hilo.

Wakacheka lakini, baba mdogo akacheka mpaka akakohoa, mjumbe akafuta kwenye daftari akala ugali na sisi. Fundi yeye hakucheka, alikuwa keshakata nondo. Elfu tisini, na rangi juu yangu. Nikamwambia kaka huyo mtu hayupo, akanijibu bosi mi nimeitwa kuweka grili sijaitwa kumwona mtu.

Jioni wageni wameondoka, umeme upo, mpwa wangu kachukua kitabu chake anakikagua kama kimepata madhara. Akawa anafunua kurasa. Nyekundu, nyekundu, nyekundu, pembeni hapapitiki. Anafunua. Nyekundu zikaanza kupungua, moja huku, moja kule. Halafu kurasa nyeupe tupu, mia na kitu, hakuna hata mkato mmoja, ni doa la mlenda tu na kona imekunjwa karibu na mwisho.

Akanigeuzia. "Anko, huku vipi?"

"Wino uliisha," nikasema.

Mama kwenye kochi hata kichwa hakuinua.

"Sema paukwa kwanza."