Breki za gari kuukuu: zipi ufungue mwenyewe, zipi umwachie fundi

Gari langu ni Corolla ya mwaka 1998, lile umbo la AE110 ambalo bado limejaa mitaani Dar es Salaam. Miezi kadhaa iliyopita lilianza kuvuta kushoto kila nikikanyaga breki. Nikalipeleka gereji, likafungwa pedi mpya za mbele, nikarudishiwa za zamani ndani ya boksi, nikalipa nikaondoka. Kesho yake, kwenye taa za kwanza tu, likavuta kushoto vilevile.

Jumamosi nikalipiga jeki uani. Gari likivuta kushoto, tatizo mara nyingi liko kulia, upande ambao breki haishiki sawasawa. Nikatoa tairi la kulia, nikajaribu kuisukuma kalipa, kile chuma kinachozibana pedi, kwa mkono. Haikucheza. Pini mbili zinazoibeba zinatakiwa ziteleze kama droo ya kabati. Moja ilikuwa imekauka grisi na kushika kutu mpaka ikagandana na tundu lake. Nikaenda kwenye buti kuchukua lile boksi. Pedi ya ndani ya upande wa kulia ilikuwa imelika ikabaki unene wa sarafu, ya nje karibu nzima. Pedi mbili za gurudumu moja zikilika kwa tofauti ya namna hiyo, kalipa haitembei, na fundi alizishika zote mbili mkononi mwake. Lakini siku ile magari matatu yalikuwa kwenye foleni nyuma yangu, na mimi nilimwambia anibadilishie pedi. Alinipa nilichomwomba.

Ndiyo maana siungi mkono ile kauli ninayoisikia kila mara, kwamba breki si kitu cha kugusa mtu asiye fundi. Kazi ya breki inataka muda wa kuangalia, na muda huo mwenye gari anao kuliko mtu yeyote. Atakaa na gurudumu moja asubuhi nzima. Atapiga msasa vishikio vya pedi, atasafisha pini, atapaka grisi ya silikoni badala ya ile ya beringi inayovimbisha mipira ya kuzuia vumbi. Fundi anayelipwa kwa gari zima hawezi kukaa hivyo, na bei tunazombana nazo hazimruhusu.

Hata hivyo, wanaosema tuziache breki wana hoja ambayo siwezi kuipuuza. Injini ikifa, unasukumwa pembeni unapiga simu. Breki ikifa, gari linaendelea kwenda, na anayekuwa mbele yako ni mtu aliyekuwa anavuka barabara kwa amani zake. Tena mwenye gari anaona breki za gari moja, labda mara moja kwa mwaka. Fundi mzoefu amekanyaga pedali za magari mengi kiasi kwamba akiligusa lako anajua kama mguu unazama kupita kawaida. Wewe umelizoea. Ubovu uliokuja taratibu kwa miaka miwili unauona ndiyo hali ya gari.

Hoja hiyo inapata nguvu zaidi tukifika kwenye mafuta ya breki, na hapa ndipo ninapowaogopea wenzangu wanaojitengenezea. Mtu anaona kikopo kimepungua, anaongeza chochote kilichopo stoo. Mafuta ya injini au ya stelingi yakiingia humo, mipira ya masta silinda, yaani pampu ya breki inayosukumwa na pedali, na ya kalipa inavimba, na baada ya muda breki zinashika haziachii, au mguu unaanza kuzama. Kinachosafisha hapo ni kubadilisha kila mpira kwenye mfumo mzima. Hata mafuta sahihi yana tabia yake: DOT 3 na DOT 4, aina za kawaida za mafuta ya breki, hunyonya maji kutoka hewani. DOT 3 ikiwa mpya inatakiwa isichemke chini ya nyuzi 205 za selsiasi. Ikishanyonya maji, kiwango kinachodaiwa kinashuka hadi 140. Mjini hutaona tofauti. Teremka kutoka Lushoto kwenda Mombo na familia na mizigo, huku umekanyaga breki kila kona badala ya kushusha gia, mafuta yaliyonyonya maji yanaweza kuchemka, mvuke ukajaa kwenye mabomba, na pedali ikalainika kama godoro. Kopo lililofunguliwa mwaka juzi likakaa stoo halifai, hata kama limebaki nusu.

Kuna jambo jingine linalohusu magari makuukuu hasa, ambalo vitabu vya magari mapya havina haja ya kulisisitiza. Njia yetu ya kawaida ya kutoa upepo, yaani hewa iliyoingia kwenye mabomba ya breki, ni mtu mmoja kukaa kwenye usukani akikanyaga, mwingine akiwa chini na spana: kanyaga, kanyaga, shikilia, nafungua. Aliyekaa juu anakanyaga mpaka sakafuni. Sasa masta silinda ya miaka ishirini na zaidi imezoea kutembea sehemu fupi tu ya mbele. Kule ndani kabisa ambako mipira haijawahi kufika kuna kutu na uchafu. Siku unapoilazimisha kufika huko, mipira inaweza kuchanika, na gari lililoingia uani likiwa na pedali nzuri likatoka na mguu unaozama. Weka kipande cha mbao chini ya pedali ili isifike mwisho. Au fungua skrubu ya kutolea upepo, uache mafuta yadondoke yenyewe kwa uzito wake, huku ukijaza kikopo kisikauke. Inachukua muda mrefu, na muda tumeshasema unao. Niseme pia kwamba kosa hili nimewaona mafundi wakilifanya mara nyingi kuliko wenye magari.

Hali ni hiyo hiyo kwenye vumbi. Viatu vingi vya breki vya zamani, vile vinavyokaa ndani ya dramu, vilitengenezwa kwa asbesto, madini ambayo vumbi lake hudhuru mapafu, na kwa kukitazama kiatu huwezi kujua kama kinayo. Gereji nyingi hufungua dramu na kupuliza kwa kompresa, wingu linawaingia wote waliosimama pale, wakiwemo vijana wanaojifunza kazi. Nyumbani unaweza kulowanisha kwanza na kufuta kwa kitambaa. Kuhusu jeki nitasema kwa ufupi: usiingie chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake, wala tofali la saruji, maana hupasuka ghafla. Nunua stendi kabla hujanunua spana.

Kwa hiyo mstari wangu nauchora kwa kuangalia namna kitu kinavyoharibika. Pedi na viatu hulika polepole, unaviona kwa macho, unavipima kwa rula. Pini unaisikia kwa vidole. Hivyo mwenye gari makini anaweza kuvifanya nyumbani, na mara nyingi atavifanya vizuri zaidi. Ila ukishairudisha pistoni ndani ya kalipa ili pedi mpya ziingie, pampu pedali mpaka iwe ngumu kabla hujaweka gia, kwa sababu mara ya kwanza itazama yote. Watu wameshagonga ukuta wa nyumba yao wenyewe kwa kusahau hilo.

Masta silinda, mabomba ya chuma yaliyoliwa na kutu ya hewa ya pwani, buusta inayokupunguzia nguvu ya kukanyaga, na ABS inayozuia magurudumu yasijifunge, ni habari tofauti. Vinaweza kuonekana vizima leo jioni na kukuangusha kesho asubuhi, na kasoro ya ndani huioni kwa kutazama. Hapo natafuta fundi, lakini si fundi yeyote. Namtafuta anayekubali nisimame pembeni, anayenionyesha kilichotoka, na anayeendesha gari mwenyewe kabla hajanikabidhi funguo. Asiyelijaribu gari baada ya kufungua breki zake, sioni tofauti kati yake na jirani yangu mwenye spana.

Baada ya kuilainisha ile pini nilikanyaga pedali injini ikiwa imezimwa, nikashikilia kwa nusu dakika. Haikuzama. Nikawasha, ikashuka kidogo kama inavyotakiwa buusta inapoanza kusaidia. Nikatoka getini kwa mwendo wa mtu anayetembea, nikakanyaga mara tatu, kisha nikaenda barabara tulivu nikalegeza mikono kwenye usukani na kukanyaga tena. Likasimama limenyooka. Ila nilipokuwa kule chini niliona mpira wa breki wa upande uleule, lile bomba laini linalopeleka mafuta kwenye kalipa, una nyufa ndogo mahali unapojikunja. Huo sikuugusa. Jumatatu nikanunua miwili mipya kwenye maduka ya vipuri ya mtaa wa Gerezani, nikaenda kwa fundi mwingine, nikasimama pembeni mpaka akamaliza.