Shangazi hana rangi ya majivu

Picha yangu ya kwanza ya sura ya mtu kwa rangi za mafuta ilikuwa ya shangazi yangu. Nilimkalisha dirishani, khanga begani, nikachanganya nyeusi na nyeupe, nikatia kahawia kidogo. Alipoiona alinyamaza, kisha akauliza: "Mwanangu, mbona umenipaka majivu?"

Alisema kweli. Nyeusi ya tyubu ukiichanganya na nyeupe hupata kijivu cha ubaridi, na uso unakuwa wa maiti. Mafunzo mengi niliyofuata mtandaoni yanaanza na "rangi ya ngozi" ya waridi, nasi tunadhani kazi yetu ni kuitia giza tu. Mimi nasema mwanafunzi aifiche tyubu nyeusi mwaka mzima.

Atumie nini? Siena iliyochomwa, yaani kahawia yenye wekundu, na bluu ya ultramarini, ile iliyokolea. Zikikutana zinatoa weusi ulio hai: ongeza siena upate joto, ongeza bluu upate ubaridi. Kisha mtazame mtu mweusi aliyekaa karibu na dirisha. Pajini, panapong'aa, utaona ubuluu wa mbingu. Chini ya shavu, mwanga unapodunda kutoka kwenye khanga nyekundu, pana wekundu ambao hukuutegemea. Nyeupe? Ncha ya brashi tu, tena mwishoni.

Mwaka 1650, akiwa Roma, Velázquez, mchoraji mashuhuri wa Kihispania, alimchora Juan de Pareja, mtu mwenye asili ya Afrika aliyekuwa mtumwa wake na ambaye baadaye alijulikana kama mchoraji. Picha hiyo iko New York, kwenye jumba la makumbusho la Metropolitan. Nimeiona kwenye simu tu, lakini hata humo paji lile linang'aa kama la mtu aliyetoka kutembea juani. (Velázquez alitumia nyeusi, najua. Yeye ni Velázquez.)

Kosa langu jingine lilikuwa haraka. Rangi ya mafuta haikauki kama maji yanavyokauka. Mafuta ya kitani yaliyomo ndani yake hugandishwa na oksijeni ya hewani, na hilo huchukua siku. Ndiyo maana tabaka la kwanza huwa jembamba, limezimuliwa kwa tapentaini, na la juu ndilo linalobeba mafuta mengi. Ukigeuza mpangilio, picha itapasuka.

Jumamosi shangazi alikuja kukaa tena. Kabla sijashika brashi akanionya: "Leo nimejipaka mafuta ya nazi. Usije ukasema sing'ai."