Shingo si goti

Kuna makala inayosema dawa za kupaka ni tumaini kwa wenye maumivu sugu ya shingo. Naomba tusiharakishe. Ushahidi mzuri wa jeli ya diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, umetoka kwa watu ambao viungo vyao vimesagika kwa uchakavu, hasa magoti: mapitio ya 2016 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaojumlisha matokeo ya tafiti nyingi, yalikuta karibu 6 kati ya 10 wakipata nafuu kubwa, lakini hata kati ya waliopaka jeli isiyo na dawa walikuwa 5. Tena goti liko karibu na ngozi, ilhali viungo vya shingo vimezama chini ya misuli. Na mentholi, ile dawa ya kupaka yenye ubaridi, ndiyo ngumu zaidi kuchunguza, kwa sababu ubaridi wake unamwambia mgonjwa papo hapo yuko kundi gani, la dawa au la isiyo dawa.

Lakini msizidharau dawa hizi za kupaka, jamani. Wapagazi wa soko la Marikiti wanaobeba magunia kutwa, wengine wana vidonda vya tumbo na vidonge vya maumivu vinawaumiza. Jeli huingia kwenye damu kidogo sana kuliko vidonge. Watafiti wawachunguze wapagazi hao hapa Nairobi, kwa miezi, si siku chache. Na ukihisi mkono unakufa ganzi au unalegea, usipake tu, muone daktari.