Nyumbu kwa watoto wa chekechea: uanze na mamba au na nyasi?

Kwenye kuwafundisha watoto wadogo habari za nyumbu wa Serengeti wanavyohama kila mwaka kuna walimu wa aina mbili. Wapo wanaofungua video ya Mto Mara moja kwa moja, mamba kadaka ndama, darasa zima mayowe. Na wapo ambao mamba hawataki hata kumtaja, wao ni duara kwenye manila, mishale, nyumbu anacheka, basi kipindi kimeisha.

Wa video wana hoja, tusiwabeze. Mtoto wa miaka mitano ukimwanzia na mzunguko wa mwaka ameshaanza kuchokoza mwenzie, na kifo siyo kigeni kwake, kuku anachinjwa nyumbani anaona, sasa mamba unamficha ili iweje? Tatizo langu ni kwamba ile video inamdanganya. Anatoka pale anajua adui wa nyumbu mtoni ni mamba, kumbe wanaomalizwa na maji ndo wengi, watafiti wamekadiria wanazama wastani wa 6,250 kwa mwaka Mto Mara peke yake, mamba wanakula sehemu ndogo tu halafu tumbusi na samaki wanajilia. Na hao wanaozama ni wachache ukilinganisha na kundi zima la milioni moja na zaidi.

Wa duara hawamtishi mtu, sawa, ila duara halijibu swali ambalo mtoto yeyote atauliza: kwani wasikae tu sehemu moja? Jibu ni nyasi. Januari mpaka Machi wako kusini upande wa Ndutu, nyasi fupi za kwenye udongo wa majivu ya volkano, zina madini anayohitaji mama anayenyonyesha, ndo maana wanazaa huko karibu wote ndani ya wiki chache, na ndama anasimama dakika chache tu baada ya kuzaliwa (mwambie hilo mtoto mwenye mdogo wake anayetambaa uone atakavyobisha). Mvua zikikata, maji yanakauka, wanasogea magharibi upande wa Mto Grumeti, kuanzia Julai hivi wanavuka Mara, vuli ikinyesha kwenye Novemba wanarudi kusini. Yote hayo unaweza kuyachezesha uwanjani, hamisha majani kutoka kona hii kwenda ile na watoto wafuate, tena pundamilia watangulie kula ndefu, nyumbu wafuate nyuma, swala tomi wamalizie zile fupi kabisa. Ubishi wa nyumbu ni wa Tanzania au wa Kenya waachieni watu wazima na mitandao yao.

Kwahiyo mimi ningeanza na nyasi, mto uje siku nyingine, na wanaozama wasemwe kwa sentensi moja bila kupepesa. Video nzima, pamoja na tumbusi, wakifika darasa la pili au la tatu. Najua kuna mwalimu atasema watoto wake wanaishi Kariakoo, nyumbu hawajawahi kumwona, bora aanze na mbayuwayu wanaotoka Ulaya wakati wa baridi ya huko. Sipingi, ila ajiandae, mbayuwayu watamwona pale kwenye waya lakini safari yenyewe hawaioni, na swali litakuwa lilelile la wasikae tu sehemu moja kwa nini.