Kalamu Imefika Wodini Kabla ya Daktari

Juzi usiku kwenye grupu la familia ikatumwa picha ya binamu yangu yuko kitandani wodini, mkono wa kulia umetundikwa shingoni kwa kitambaa, mguu umenyanyuliwa juu ya mito, na mkono wa kushoto kainua dole gumba. Chini yake imeandikwa "Mungu ni mwema, watu wa bima wameshalipa!!" Hiyo ni siku ya 12 tangu gari lililokuwa linakata kona limpitie yeye na pikipiki yake. Siku ya 12 jamani. Grupu likalipuka, hongera, mioyo, mikono ya sala, shangazi akarusha voisi ya dakika nne nzima ya kushukuru. Mimi nikaandika maneno matatu tu: "Kasaini nini hapo?" Kimya. Baadaye mjomba akajibu, "We kijana acha roho mbaya, mwenzio kapata."

Haya, roho mbaya yangu nimeileta huku maana kule nimeshanyamazishwa.

Hebu tufikirie pamoja. Hii kampuni ya bima ukiwaomba wakubadilishie namba ya simu tu kwenye faili lako wanakwambia subiri siku kumi na nne za kazi. Ukiwapigia unasikilizishwa muziki mpaka salio linaisha. Leo wamekuja wenyewe mpaka kitandani, na matunda wamebeba, na hundi iko tayari, na kalamu wameleta, wanakupa pole kwa sauti ya chini kama wachungaji. Na we hujiulizi?

Wanakuja mapema kwa sababu siku ya 12 hakuna mtu anayejua umeumia kiasi gani. We hujui, mkeo hajui, hata daktari aliyekufungua hajui bado, anakwambia "tutaona maendeleo." Hilo "tutaona" ndo lina hela ndani yake. Likigeuka likawa "hutatembea bila fimbo", deni lao linapanda mara nyingi sana, kwa hiyo wanalinunua likiwa bado ni "tutaona", kwa bei ya chee, kutoka kwa mtu ambaye amelala hajaoga siku tatu na ana bili ya hospitali inamsubiri mlangoni. Sisemi kila anayelipa haraka ni mwizi. Kama umechubuka kiwiko na suruali imechanika, chukua hela yako nenda nyumbani, sina neno. Nasema mtu aliyevunjika.

Shemeji yangu alisaini wiki ya tatu. Mfupa wa muundi ulivunjika, wakamwekea vyuma, daktari akasema vizuri, mtu wa bima akaja, shemeji akasaini, tukafurahi, na mimi nilifurahi nisijifanye mjanja hapa. Mwezi wa tano bado akikanyaga anatoa jasho. Eksirei inaonyesha ufa uko pale pale kama wa juzi, mfupa haujaunga. Akarudishwa chumba cha upasuaji, vyuma vya zamani vikatolewa vikaingia vingine, na mfupa wa kupandikiza ukachukuliwa kwenye nyonga yake mwenyewe, sasa anauguza sehemu mbili badala ya moja. Kazini walimvumilia kwanza, alafu hawakumvumilia. Siku aliyompigia yule mtu wa bima, yule yule wa matunda, akajibiwa kwa adabu kabisa kwamba pole sana, ila faili limefungwa. Limefungwa na nani? Na wewe, bwana, hii hapa saini yako.

Maana ile karatasi haisemi tu "nimepokea kiasi fulani." Isome. Kuna mstari, kwa kawaida uko katikati ya aya ndefu inayochosha macho, unaosema haya ni malipo kamili na ya mwisho kwa majeraha yote, yanayojulikana na yasiyojulikana, ya sasa na yatakayojitokeza baadaye. Yasiyojulikana! Mtu unasaini kusamehe kitu ambacho hakuna anayekijua. Hata ndugu wa damu ukimwambia nisamehe na yale ambayo bado sijakufanyia atakuangalia mara mbili.

Na mwili una kalenda yake, hausomi kalenda ya bima. Mfupa mkubwa wa mguu ukienda vizuri ni miezi, na ule wa muundi ndo msumbufu kuliko wote kwa sababu sehemu yake ya chini damu haifiki kwa wingi. Goti au kifundo kilichovunjika ndani ya kiungo kinaweza kupona vizuri tu ukasahau, alafu baada ya miaka kiungo kinaanza kusagika na kuuma. Kichwa ndo kabisa. Mtu anatoka hospitali anaongea, anacheka, karatasi zinasema yuko safi, halafu mke anaanza kuona huyu mtu anakasirika kwa kitu kidogo, anasahau alichotumwa, kelele za watoto zinampasua kichwa, na hakuna anayeunganisha na ajali kwa sababu ajali ilishaisha, si ndio, alishalipwa.

Ila kinachoniuma leo ni mkono. Watu wa pikipiki wana jeraha lao, mtu anarushwa anatua kwa bega na kichwa kinasukumwa upande wa pili, ile mishipa ya fahamu inayotoka shingoni kwenda mkononi inavutwa kama kamba. Mfupa hata hauvunjiki wakati mwingine. Mkono uko mzima kwa kuutazama ila haufanyi kitu. Sasa mshipa wa fahamu ukipona unaota polepole, kama milimita moja kwa siku hivi. Chukua rula upime mwenyewe kutoka bega lako mpaka ncha ya kidole alafu ugawanye, utajua ni siku ngapi. Mimi nimepima wa kwangu, inakaribia miaka miwili. Na hiyo ni kama mshipa umeumia tu. Ukiwa umeng'oka kwenye mzizi wake huko kwenye uti wa mgongo hauoti wenyewe hata ukisubiri mpaka uzeeni. Siku ya 12, kwa kipimo hicho, ni milimita kumi na mbili. Upana wa ukucha. Ndo hapo walipokuja na hundi.

Fidia maana yake ni kumrudisha mtu pale ambapo angekuwa kama asingegongwa, kwa kadiri hela inavyoweza, na haiwezi sana. Kwa hiyo humo ndani kuna matibabu uliyolipa na utakayolipa, mshahara uliokosa na ule utakaokosa kwa sababu hutabeba tena mizigo, kuna maumivu yenyewe, na kuna huyu mke au dada aliyeacha shughuli zake akuogeshe na kukugeuza usiku. Watu hawamhesabu huyu kwa sababu hakudai mshahara, lakini mahakama nyingi zinahesabu. Sasa niambie, kwenye hundi ya siku ya 12 nani alikaa akapiga hesabu ya hayo yote? Na kwa kawaida ni mara moja tu. Mahakama haikupi mbili kwa ajali moja. Uingereza waliweka njia ya mtu kurudi tena kama hali yake itaharibika vibaya kwa namna iliyotajwa mapema, lakini hiyo inapangwa kwenye kesi, haipangwi na mtu aliyeshasaini kwamba yamekwisha.

Najua mtakachosema. Bili ya hospitali haisubiri mshipa uote. Kweli, na hapo sina ujanja, njaa ikibisha hodi hata mwanasheria anafungua. Ila kuna kitu kinaitwa malipo ya awali, unawaambia kwa maandishi nipeni hela ya matibabu sasa, itakatwa kwenye fidia ya mwisho, na faili linabaki wazi. Wakikataa basi angalau umejua wamekuja kufanya nini. Na hela ya pikipiki idai peke yake, kipande chake, karatasi yake. Nimeona mtu amesaini akidhani ni ya kutengenezewa chombo, kumbe na mwili umo ndani ya sentensi ile ile, tenki la mafuta na goti vimelipwa kwa bei moja.

Alafu kuna lile la "watu wa pikipiki wenyewe wanajitakia." Mjomba analipenda sana hili. Mwaka 1981 Harry Hurt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Southern California walitoa ripoti ya ajali 900 za pikipiki walizozifuata wenyewe barabarani Los Angeles, wakakuta karibu robo tatu ni pikipiki imegongana na gari, na kwenye hizo za kugongana na chombo kingine, theluthi mbili mwenye kosa ni dereva wa kile chombo kingine, aliyemkatia njia. Wengi walikuwa hawakumwona kabisa mwenye pikipiki mpaka wamechelewa. Binamu yangu kakatiwa kona. Lakini kwenye maelezo ya kwanza kabisa alipoulizwa, kalewa dawa, alikubali kwamba "labda nilikuwa spidi kidogo." Labda! Watu wa bima wanalipenda hilo neno kuliko matunda.

Kuhusu helmeti, nakubali, kwa shingo upande, kwamba usipovaa unaumia zaidi na fidia inapungua, na ni haki ipungue. Lakini inapungua, haifutiki. Mwaka 1972 mahakama ya rufaa ya Uingereza ilimkata mtu aliyegongwa bila helmeti asilimia 15, mwingine mwaka 1989 aliyevaa ila hakufunga mkanda wa kidevuni akakatwa 10. Na hizo ni kwa jeraha la kichwa. Kama umevunjika mguu, helmeti inahusiana nini na mguu? Ila wanakuuliza hivo hivo, kwa sauti ya kukutia aibu, ili ukubali nusu. Kuna majimbo Marekani, Virginia, Maryland, North Carolina, Alabama, ambako ukionekana na kosa hata kidogo unaweza kukosa yote, kwa hiyo hilo "labda nilikuwa spidi" si la kuchezea. New Zealand wao tangu 1974 walichoka na mchezo mzima, ukiumia kwenye ajali mfuko wa taifa unakuhudumia bila kuuliza nani kosa, na kumshtaki mwenzio kudai fidia ya mwili huwezi. Nina wivu nao, nakiri.

Na mawakili nao msidhani nimewasahau. Wapo wanaozunguka wodini na kadi mfukoni kama kunguru, wanachukua fungu lao kwanza alafu kesi inalala miaka. Kwa hiyo muulize kabla, kwa maandishi, asilimia ngapi, na gharama za kufungua kesi na ripoti ya daktari nani anatoa, na tukishindwa inakuwaje. Akikasirika kwa kuulizwa, tafuta mwingine. Ila usikae tu kwa kuogopa mawakili, muda wa kufungua kesi una mwisho, Uingereza kwa kawaida ni miaka 3, kwingine ni mfupi zaidi ya huo, ukipita hata ungekuwa na haki kama malaika mlango umefungwa.

Ndo maana jana sikulala, nikampigia binamu nikamwambia nitumie picha ya ile karatasi, zote, mbele na nyuma. Akanitumia moja baada ya nyingine, zimepinda kwa sababu anapiga kwa mkono mmoja. Mstari upo. Yanayojulikana na yasiyojulikana. Aya ya nne. Na chini kabisa saini yake, imeyumba yumba kama ya mtoto anayejifunza kuandika, nikadhani ni dawa, nikamuuliza. Akacheka. "Nilisaini na kushoto, bro. Kulia vidole havijaamka bado."

Sikujua nimjibu nini. Baadaye akaniuliza hiyo ganzi ni kawaida au? Daktari kamwambia tutaona.

Nimeongea na wakili mmoja asubuhi, anasema karatasi ya namna hii wakati mwingine inavunjwa, kama mtu alikuwa hajitambui kwa dawa au alidanganywa kuhusu alichokuwa anasaini, ila mzigo wa kuthibitisha ni wetu, na si mwepesi. Anataka chati ya wodi ya siku ile, dawa gani alipewa, saa ngapi, na nani alikuwepo. Pia kaomba tuifute ile picha ya dole gumba isiendelee kusambaa, ila tuihifadhi sisi, pamoja na tarehe yake. Nimemwambia mjomba. Kaniambia nisimsumbue mgonjwa.

Chati nimeiomba. Hospitali wamesema siku kumi na nne za kazi.